Sura ya 4: Nilichokizoea, Mbona Leo Kinanidhuru?

Mtu amezaliwa na kukulia Bagamoyo. Kamba amewala tangu utotoni: wa nazi, wa kukaanga, wa kuchoma. Siku moja, akiwa na umri wa miaka thelathini na kitu, anamaliza sahani yake na midomo inaanza kumwasha. Punde kope zinavimba na mwili mzima unatoka mabaka. Wa nyumbani kila mmoja ana lake: kamba walikuwa wamelala, tui lilichacha, kuna mtu amemtupia jicho. Mwenyewe ana swali moja tu: “Nimekula miaka yote hii, mbona leo?”

Swali hilo huulizwa pia na bibi harusi aliyevimba mikono baada ya kupakwa piko, ambaye dada zake walipakwa na hawakudhurika. Huulizwa na mzee aliyemeza Septrin mara nyingi maishani, na safari hii midomo imemtoka malengelenge. Huulizwa na mama ambaye mtoto wake hupiga chafya kila alfajiri, mwaka mzima.

Jibu lake ndilo nguzo ya sura hii. Na kutokana na jibu hilo linafuata jambo ninalotaka msomaji aondoke nalo: mwenye mzio hana sababu ya kuiogopa dunia nzima. Anachohitaji ni kujua kwa hakika kitu kimoja au viwili vinavyomdhuru, aviepuke hivyo, na vingine vyote viendelee kuwa riziki yake.

Mtego hutegwa kwanza, hufyatuka baadaye

Kinga ya mwili ni mpango mzima ambao mwili hutumia kupambana na vijidudu vya maradhi. Mzio, ambao wengi huuita aleji, ni pale kinga hiyo inapopambana na kitu kisichomdhuru mtu mwingine: protini ya kamba, chavua ya nyasi, kinyesi cha mdudu wa vumbi.

Mwaka 1906 daktari wa watoto wa mjini Vienna, Clemens von Pirquet, ndiye aliyeipa hali hii jina linalotumika duniani hadi leo. Alikuwa ameona jambo la ajabu: watoto waliochomwa sindano ya seramu ya farasi kwa mara ya pili waliugua haraka na vibaya kuliko mara ya kwanza. Dawa ilikuwa ile ile na mtoto ni yule yule. Kilichobadilika ni kwamba mwili ulikuwa umeshakutana nayo na haukuisahau.

Miaka ya 1960 watafiti wawili Wajapani waliokuwa wakifanya kazi Denver, Marekani, mume na mke Kimishige na Teruko Ishizaka, walikigundua chombo cha kumbukumbu hiyo. Ni aina ya kingamwili inayoitwa IgE. Kingamwili ni protini ambazo mwili huzitengeneza ili kuwatambua maadui.

Fikiria mtego. Mara ya kwanza mwili unapokutana na kitu na kukiona adui, hutengeneza IgE ya kitu hicho. IgE hizo huenda kujishikiza kwenye seli zilizotanda katika ngozi, pua, mapafu na matumbo. Hapo hakuna dalili yoyote, kwa kuwa mtego ndiyo kwanza umetegwa. Kitu kikija tena na kuigusa IgE, mtego unafyatuka. Seli zinamwaga kemikali, mashuhuri kati yake ikiwa histamini, ambayo huleta muwasho, uvimbe, makamasi na kubanwa na kifua.

Mtego unaweza kutegwa utotoni au uzeeni. Unaweza pia kutegwa na kitu usichokidhania. Kamba, mende na utitiri wa vumbi (vidudu visivyoonekana kwa macho vinavyoishi kwenye magodoro) wana protini zinazofanana sana, na iliyo maarufu kati ya hizo ni tropomiosini. Mwili uliovuta vumbi la utitiri kwa miaka unaweza kuitengenezea IgE protini hiyo, kisha IgE hizo hizo zikamtambua kamba sahanini. Huenda ndiyo maana mzio wa kamba na kaa mara nyingi huanza ukubwani. Kwa sababu hiyo hiyo, mwenye mzio wa kamba awe mwangalifu na wadudu wanaoliwa, kama senene na kumbikumbi.

*Kwa ufupi: kukizoea kitu si kinga dhidi ya mzio wake. Bila kukutana na kitu, au na kinachofanana nacho, mzio wake haupati pa kuanzia.*

Wa haraka na wa polepole

Mizio ina mwendo wa aina mbili. Asiyeijua tofauti yake humshika mtuhumiwa asiye na hatia.

- Wa haraka ni huo wa IgE. Huja ndani ya dakika chache, aghalabu kabla saa mbili hazijapita. Dalili zake ni mabaka yanayohamahama, uvimbe wa midomo na kope, chafya, kutapika na kifua kubana.
- Wa polepole huendeshwa na chembe nyeupe za damu badala ya IgE. Huja baada ya siku moja hadi tatu, na mara nyingi huishia kwenye ngozi iliyoguswa: wekundu, muwasho, malengelenge.

Aliyevaa hereni mpya Ijumaa akawashwa masikio Jumapili hulaumu sabuni ya Jumapili. Mkosaji yumkini ni nikeli, madini yaliyomo kwenye mapambo mengi ya bei nafuu, vifungo vya suruali na bizimu za mikanda. Mzio wa polepole unakudai urudi nyuma siku tatu katika kumbukumbu zako.

Si kila kinachowasha ni mzio

Kabla hujajiandikia mzio, jiulize: je, kitu hiki kingemdhuru yeyote?

*Upupu* humwasha kila mtu, kwa sababu vinyweleo vyake vina kemikali ya kuwasha. *Magimbi* yasiyoiva vizuri hukereketa koo la kila mlaji kwa fuwele zake zenye ncha kama sindano. *Nairobi fly*, yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi anayefuata taa msimu wa mvua, ana sumu inayounguza ngozi anaposagwa. Akikutua, mpulize aondoke, usimpige. Kisha nawa kwa sabuni.

*Jodari na vibua* waliokaa juani ni mtihani mkubwa zaidi. Bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa histamini, kemikali ile ile ya mzio. Mlaji hupata wekundu wa uso, kichwa kuuma, mabaka na moyo kwenda mbio, na daktari akimwona anaweza kusema ni mzio wa samaki. Kupika hakuiondoi histamini hiyo. Dalili ya kukupambanulia ni hii: waliokula samaki yule yule wamepatwa pamoja, na samaki wa aina hiyo aliyetoka majini karibuni na kuwekwa barafuni ukimla hudhuriki.

*Maziwa* nayo. Watu wazima wengi Afrika hupungukiwa na kimeng'enya cha kuyeyusha laktosi, yaani sukari ya maziwa; jamii za wafugaji wengi wao wamebaki nacho. Asiyekuwa nacho hujaa gesi, tumbo humnguruma na huharisha, lakini hafi kwa maziwa, na mtindi kidogo huenda ukamkubali. Mzio wa maziwa ni habari nyingine: ni wa protini, huwapata zaidi watoto wachanga, unaweza kuhatarisha maisha, na mtindi hauwi salama kwa mwenye nao.

*Kwa ufupi: sumu na vikereketa humpata yeyote, mzio huchagua mtu. Tofauti hiyo ndiyo inayokuambia kama ukiache chakula au ubadilishe muuza samaki.*

Nyumbani: godoro, mende na maua yanayosingiziwa

Chafya za alfajiri zisizokoma, pua inayowasha, mafua yasiyo na homa: haya ni mafua ya mzio. Ndugu zake ni pumu na ukurutu, ule ambao wengi huuita pumu ya ngozi. Mara nyingi watatu hawa hukaa katika ukoo mmoja, wakati mwingine ndani ya mtoto mmoja.

Mkosaji wa kwanza ni utitiri wa vumbi. Hula ngozi inayopukutika miilini mwetu na huhitaji hewa yenye unyevu, kwa hiyo Dar es Salaam, Mombasa na Unguja ni makao yake mazuri kuliko nyanda kavu. Kinachodhuru hasa ni kinyesi chake. Mto wa sufi uliorithiwa kwa bibi unaweza kuwa umekihifadhi kwa miaka. Fua mashuka na foronya kila wiki kwa maji ya moto wa nyuzi 60 ukiweza, anika godoro kwenye jua kali, funika godoro na mto kwa kitambaa kisichopitisha vumbi, na futa sakafu kwa tambara bichi badala ya kutimua vumbi kwa ufagio mtoto akiwa chumbani.

Wa pili ni mende: vinyesi na mabaki yake hugeuka vumbi. Funika chakula, ziba bomba linalovuja, na mwenye pumu asiwepo dawa ya kuulia wadudu inapopulizwa.

Wa tatu ni chavua, ile poda ya uzazi wa mimea. Kila Oktoba mijakaranda ikichanua Nairobi, watu huilaumu kwa chafya zao. Lakini mimea yenye maua ya kupendeza kwa kawaida hutegemea wadudu kuibeba chavua yake, ambayo ni nzito na haisafiri mbali. Inayojaa hewani ni ya nyasi, ambazo maua yake hakuna anayeyatazama. Kufyeka ukoka mbele ya nyumba kabla haujachanua kutakusaidia kuliko kuukata mjakaranda.

Moshi wa kuni, wa mkaa, wa udi na wa dawa ya mbu ni kikereketa tu, hauwi kichochezi cha mzio wenyewe. Hata hivyo kifua chenye pumu hakijui tofauti hiyo, hubana vilevile. Maisha ya mjini yana uzito wake: watoto wa shule walipokimbizwa na pumzi zao kupimwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 1998, mirija ya hewa ilibana kwa watoto wapatao 23 katika kila 100 jijini Nairobi, na 13 katika kila 100 kijijini Murang'a.

Mambo mawili kuhusu tiba ya nyumbani. Kwanza, mwenye pumu asitegemee inhela ya kutanua mirija peke yake. Tangu mwaka 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unasisitiza dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe ndani ya mirija. Kuvuta inhela hakumfanyi mtu kuwa mraibu wala hakumpunguzii heshima, na mtoto asifichwe anapoivuta. Pili, watoto wengi wa Afrika Mashariki wana macho ya mzio: yanawasha, weupe wa jicho unageuka rangi ya kahawia, mtoto anayafikicha kutwa. Matone yenye steroidi yanayouzwa dukani hutuliza kwa haraka, lakini yakitumiwa miezi na miezi bila daktari huleta presha ya macho, na presha ya macho hupofusha. Mpeleke kwa daktari wa macho.

Harusini: hina haina neno, piko inalo

Hina ya majani yaliyosagwa hutoa rangi ya chungwa hadi kahawia, huhitaji saa nyingi kukolea, na ni nadra kumdhuru mtu. Piko nyeusi tii inayokolea kwa muda mfupi haitokani na majani. Ndani yake mna rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD. Katika Umoja wa Ulaya PPD hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi kabisa, na kwenye rangi ya nywele haitakiwi kuzidi asilimia 2. Kwenye kikombe cha piko hakuna anayepima.

Mara ya kwanza, hata ya pili, mpakwaji anaweza asione kitu. Mwili wake unajifunza. Mara inayofuata, siku moja hadi tatu baada ya kupakwa, maua yale yale yanainuka mkononi kama yamechorwa kwa moto: mekundu, yaliyovimba, yenye malengelenge. Yakipona huweza kuacha kovu au weupe.

Kibaya zaidi ni kwamba mzio huu haupoi ngozi inapopona. Msichana aliyeunguzwa na piko leo, akija kupaka nywele rangi nyeusi miaka ishirini baadaye, uso unaweza kuvimba hadi macho yafunge. Kwa ajili hiyo naomba jambo moja kwa moyo wangu wote: watoto wasipakwe piko. Mapambo ya harusi ni fahari yetu ya pwani, na hina safi inatosha kuyabeba. Somo anayepaka akiulizwa kwa upole, “Shoga, hii ni hina tupu au umetia dawa ya nywele?” atajibu, na jibu lake ndilo litakalokuongoza.

Kusini, Mtwara na Lindi, kuna jirani wa tatizo hilo. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayobabua ngozi ya yeyote, na kwa wengine hutega mzio wa polepole. Wabanguaji wanahitaji glavu au mafuta ya kujikinga kila wanapoketi kazini. Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wa kikonyo cha embe una kemikali za jamii hiyo. Anayetoka vipele kuzunguka mdomo msimu wa maembe ajaribu kwanza kumenyewa na mtu mwingine. Mara nyingi mkosaji ni ganda, na tunda lenyewe halina kosa.

Dawa: andika jina, usiandike “sindano”

Ukimuuliza mtu mzio wake wa dawa, mara nyingi atakwambia, “Kuna kidonge fulani cheupe damu yangu inakikataa.” Jibu hilo haliwezi kumwokoa.

Mizio mingi mibaya ya dawa hapa kwetu inahusu kundi la salfa, ambamo mna Septrin na SP, ile dawa ya kuzuia malaria wanayopewa wajawazito kliniki. Aliyewahi kudhurika na mojawapo amwambie muuguzi kabla hajapewa nyingine.

Dalili moja ni rahisi kuitambua: doa la mviringo, jeusi au zambarau, kwenye mdomo, mkono au sehemu za siri, linalorudi *pale pale* kila unapomeza dawa fulani. Hilo ni doa la dawa. Hakuna aliyekuroga, wala si ugonjwa wa zinaa. Kumbuka ulichomeza siku hiyo.

Dalili nyingine haisubiri kesho: homa, vidonda mdomoni, macho mekundu na ngozi inayouma na kuchubuka, siku au wiki kadhaa baada ya kuanza dawa. Acha dawa hiyo na uende hospitali saa hiyo hiyo.

Upande wa pili wa shilingi ni mzio wa kubandikwa. Marekani mtu 1 kati ya 10 ameandikiwa kuwa na mzio wa penisilini, lakini wanapopimwa, takriban 9 kati ya 10 hao hawana. Wengi walitoka vipele utotoni vya virusi, na dawa ikachukua lawama. Kulibeba jina lisilo lako ni hasara, kwa kuwa utanyimwa dawa nzuri na ya bei nafuu. Mwombe daktari akuchunguze upya.

Mizio ya nadra

Baadhi ya wagonjwa huambiwa wanajifanya. Hawajifanyi.

- Baridi. Ngozi huvimba ikiguswa na barafu au upepo wa Njombe na Limuru. Hatari yake kubwa ni kujitosa kwenye maji baridi, kwani mwili mzima unaweza kufyatuka kwa pamoja na mtu akazama.
- Maji. Watu wachache sana duniani hutoka vipele vidogo maji yanapogusa ngozi, yawe ya moto au ya baridi. Kuyanywa kwa kawaida huwa salama.
- Ngano pamoja na mazoezi. Kijana anakula chapati, haoni kitu. Anacheza mpira, haoni kitu. Akila chapati kisha akaingia uwanjani, anaanguka. Dawa yake ni kuvitenganisha viwili hivyo kwa saa kadhaa.
- Nyama, kwa sababu ya kupe. Thomas Platts-Mills na wenzake wa Virginia, Marekani, waligundua kwamba kung'atwa na kupe kunaweza kutega mzio wa sukari iliyomo katika nyama ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe. Mlaji hula jioni akaamka usiku wa manane mwili ukimwasha, kwani huchukua saa 2 hadi 6. Kuku na samaki hawana sukari hiyo. Wagonjwa wa namna hii wameonekana pia vijijini Afrika Kusini.
- Glavu za mpira na matunda. Mwenye mzio wa mpira wa asili anaweza kudhurika na ndizi, parachichi au papai, kwa kuwa protini zao zinafanana.

Mtoto na karanga

Kwa miaka mingi wazazi wa nchi tajiri waliambiwa wawacheleweshee watoto karanga. Gideon Lack na wenzake wa London walilijaribu agizo hilo kwa watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari kubwa ya mzio. Matokeo, yaliyotolewa mwaka 2015, yaliligeuza agizo. Kufikia miaka mitano, watoto 17 katika 100 wa waliozuiwa karanga walikuwa na mzio wake. Kwa waliolishwa mapema walikuwa 3 tu.

Kwa hiyo mama anayetia karanga kwenye uji wa mtoto wa miezi sita hafanyi kosa, mradi zimesagwa laini, kwa sababu karanga nzima humkaba mtoto. Tatizo la uji wa lishe wenye mahindi, ulezi, soya, karanga na dagaa kwa pamoja ni kwamba mtoto akitoka mabaka huwezi kujua mkosaji. Mwanzishie kimoja kimoja, siku mbili tatu kila kimoja, kisha uchanganye. Mtoto mwenye pumu ya ngozi kali aonwe na daktari kwanza. Na pasiwepo kukata tamaa: mzio wa maziwa na mayai mara nyingi huisha mtoto akikua. Wa karanga, samaki na kamba kwa kawaida hubaki.

Siku mwili unapofyatuka wote

Mzio mkali wa mwili mzima huitwa anafilaksia. Huua kwa kuziba njia ya hewa au kuangusha presha, na mara nyingine huchukua dakika tu. Shuku hali hii kama baada ya kula, kung'atwa na nyuki au kumeza dawa mtu anapata lolote kati ya haya:

1. sauti kukwama, ulimi au koo kuvimba, kifua kubana;
2. kizunguzungu, kuishiwa nguvu au kuzimia;
3. mabaka au uvimbe pamoja na kutapika au tumbo kusokota.

Dawa ya kwanza ni adrenalini, kwa sindano kwenye msuli wa nje wa paja. Kwa mtu mzima ni nusu miligramu, na hurudiwa baada ya dakika 5 asipopata nafuu. Ni dawa ya bei ndogo ambayo kila zahanati inapaswa kuwa nayo. Piriton hupunguza muwasho, lakini haifungui koo wala haipandishi presha. Maziwa hayasaidii, na yanaweza kumpalia.

Njiani, mlaze chali na umwinue miguu. Akishindwa kupumua, mwache akae. Usimsimamishe wala usimtembeze hata akisema amepata nafuu. Hospitalini abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwa kuwa wimbi la pili huweza kuja. Ukiwa na historia hii, nenda mapema kwenye kituo kilicho karibu nawe na uulize, “Adrenalini mnayo?” Swali hilo liulizwe siku ya amani.

Kumtafuta mkosaji

Kipimo cha kwanza ni daftari. Andika ulichokula, ulichomeza, ulichopaka, saa, na kilichotokea baadaye. Vipimo vya hospitali huja kuthibitisha: cha kuchoma ngozi kwa tone la kichochezi, cha damu cha kutafuta IgE, na cha kubandika viraka mgongoni kwa mizio ya polepole. Kipimo kikisema “ndiyo” kwa kitu unachokila kila siku bila shida, usikiache. Kuwa na IgE peke yake si ugonjwa, na minyoo nayo huipandisha IgE. Jihadhari na vipimo vya IgG vinavyokuletea orodha ya vyakula arobaini vya kuacha. Havitambui mzio, na watoto wamekondeshwa kwa orodha za namna hiyo.

Kisha waambie watu. Ugenini kwetu ni kula, na kukataa chakula huonekana dharau. Sema mapema, kabla hakijapakuliwa: “Shikamoo shangazi. Naomba uniwie radhi, karanga zinanidhuru mpaka nashindwa kupumua. Kisamvu chako kina karanga?” Hakuna shangazi atakayekasirishwa na swali hilo. Na wewe unayepika, usimjaribu mgeni kwa kumfichia kidogo “aone kama kweli.” Kidogo hicho kinaweza kumuua.

Mambo ya kufanya wiki hii

- Andika mizio ya kila mtu nyumbani: jina la kitu au dawa, mwaka, na kilichotokea. Ya mtoto iandikwe kwenye kadi yake ya kliniki.
- Pitia orodha hiyo na daktari. Kisicho na ushahidi kifutwe. Chenye ushahidi kipigiwe mstari.
- Mpe nakala mwalimu wa darasa, na matroni kama mtoto yuko bweni.
- Anika godoro, fua foronya.
- Ulizia adrenalini katika kituo cha afya cha mtaani kwako, na kama hakuna, lifikisheni suala hilo kwenye kamati ya kituo mpaka ipatikane.

Orodha nyingi za “siwezi” zitafupika kwa kazi hii. Pengine atakayegundua kwamba hana neno na samaki ni baba aliyewaacha kwa miaka kwa sababu ya jodari mmoja aliyeharibika. Pengine ni binti atakayejua kwamba hina anaipaka bila wasiwasi, na piko tu ndiyo haramu kwake. Na yule ambaye kamba kweli ni hatari kwake atajua hivyo kwa hakika, na walio mezani naye watajua pia.